Risasi Ngapi Kiunoni?

Kwenye boti nyingi za kuzamia kati ya Nungwi na Mnemba, mgeni hupimwa kwa macho. Kiongozi humtazama kifua, humtazama tumbo, kisha hutamka namba: wewe nne, wewe sita, mzee wangu chukua nane. Vipande vya risasi hupita mkono kwa mkono, mikanda hufungwa, watu hujirusha majini. Wengine hurahisisha zaidi kwa kuchukua sehemu ya kumi ya uzito wa mtu. Una kilo 90? Basi vaa kilo 9.

Hesabu hiyo ya sehemu ya kumi inafaa iachwe kabisa. Chukua wanaume wawili wenye kilo 90 kila mmoja. Wa kwanza ni mbeba mizigo wa bandarini, mwili wote misuli, mafuta ni asilimia 12 tu ya uzito wake. Wa pili anakaa ofisini na mafuta yake yamefika asilimia 35. Mizani haioni tofauti kati yao, lakini bahari inaiona mara moja. Ukiitoa hewa ya mapafuni kwenye hesabu, wa kwanza anavutwa chini kwa takribani kilo 3.9, na wa pili anasukumwa juu kwa karibu nusu kilo. Kati yao kuna pengo la kilo 4 na ushei. Ukiwafunga wote kilo 9, wa pili huenda akawa sawa, au akazidishiwa kidogo. Wa kwanza atakuwa amebeba kilo 5 asizozihitaji, na atazipigania kuanzia anaposhuka hadi anapopanda ngazi ya boti.

Namba hizo zinatokana na kanuni ya Archimedes wa Sirakusa: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kinayoyahamisha. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Lita moja ya mafuta ya mwilini ina gramu 900. Lita moja ya kila kisicho mafuta, yaani misuli, mifupa, damu na viungo vya ndani, ina wastani wa gramu 1,100. Kwa hiyo mafuta huelea na kilichobaki huzama, na kila mwili ni mchanganyiko wa vitu hivyo viwili.

Sasa angalia ukubwa wa nguvu yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akinenepa kwa kilo 10 za mafuta matupu, nguvu anayoongezewa ya kuelea ni kama kilo 1.4. Haizidi hapo. Kilo 10 za misuli humvuta chini kwa karibu gramu 700. Kitambi kinachoonekana kikubwa machoni kinahitaji kipande kimoja cha risasi, pengine viwili, si mkanda mzima. Mwenye mwili mkubwa akipewa kilo 12 kwa sababu tu ni mnene, mara nyingi amedhulumiwa.

Mizani imewahi kuwadanganya hata madaktari. Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa Jeshi la Wanamaji la Marekani aliyekuwa bingwa wa tiba ya wazamiaji, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliotumia kipimo cha kumpima mtu uzito akiwa chini ya maji. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo wachezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani. Kwa jedwali la urefu na uzito lililotumiwa na jeshi, wengi wao walionekana wanene mno, wasiofaa kuandikishwa. Maji yalionyesha kinyume: mafuta yao yalikuwa kidogo, uzito ulikuwa wa misuli. Kipimo hichohicho ndicho kila mzamiaji anachoweza kujifanyia kwa njia nyepesi zaidi, bila maabara.

Kabla ya kufika huko, kuna dhana moja ya pwani yetu ya kuiondoa. Utasikia watu wakisema Mwafrika hahitaji risasi kwa kuwa mifupa yake ni mizito, na wengine huitumia kauli hiyo kumkatisha tamaa kijana asijifunze kuogelea. Madini ya mifupa katika mwili wa mtu mzima ni kama kilo 3 tu. Hata ukiyaongeza kwa sehemu ya kumi nzima, unapata gramu 300, na majini zinabaki gramu 200 hivi. Pumzi moja ya kawaida inainua zaidi ya hapo. Kijana anayezama kwenye somo la kwanza la kuogelea huwa ni mwembamba, ana misuli, na ametoa hewa yote kwa woga. Mifupa haina kesi.

Na hiyo pumzi ndiyo kubwa kuliko yote. Mapafu ya mwanamume mzima hubeba karibu lita 6, ya mwanamke kama lita 4 na kidogo, na hata ukitoa pumzi mpaka mwisho hubaki lita moja na ushei ndani. Kila lita ya hewa kifuani inakuinua kwa kilo moja. Mtu aliyetulia hupumua nusu lita ndani, nusu lita nje, na mwili wake hupanda na kushuka polepole. Mwenye hofu huvuta pumzi kubwa, huitoa nusu, huvuta tena juu yake. Kifua chake hakishuki kamwe. Anaweza kutembea na lita 2 za ziada muda wote, nazo ni kilo 2 za kuelea ambazo hazihusiani na mafuta yake hata chembe.

Mwalimu asiye makini akimwona mwanafunzi huyo anahangaika juu ya maji, humtupia kipande cha kilo 2. Anashuka, kweli. Lakini baada ya dakika kumi, samaki wameshamfurahisha, hofu imepungua, kifua kimeshuka, na sasa zile kilo 2 zinamburuza kwenye matumbawe. Dawa ilikuwa kumwambia asubiri juu, ashike kamba ya boya, atoe pumzi ndefu mara kadhaa mpaka mabega yashuke. Natamani kila mkufunzi angeanza na hilo kabla ya kugusa kreti la risasi.

Wavuvi wetu wa kuzamia kwa pumzi, wale wa pweza na majongoo ya bahari, wana jambo lao la pekee wanapokuja kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa. Mzamiaji wa pumzi hushuka na mapafu yaliyojaa, na maji huyabana. Kwenye mita 10, lita 6 zimekuwa 3. Ndiyo maana mvuvi hupata taabu mita chache za kwanza, kisha bahari humchukua yenyewe. Kwenye mtungi haiwi hivyo. Hewa inayotoka mtungini ina mgandamizo wa kina ulichopo, kwa hiyo kifua kinajaa kilekile kwenye mita 3 na kwenye mita 30. Mvuvi hodari aliyezoea kuzuia pumzi ataelea bila kuelewa kwa nini, na akizuia pumzi huku anapanda, hewa itatanuka na inaweza kuyapasua mapafu. Ndugu yangu, pamoja na ujuzi wako wote, hili lisikilize kwanza: ukiwa na mtungi usizuie pumzi.

Kipimo cha mwili wenyewe hufanywa bila suti wala mtungi. Nenda na mwenzako mahali ambapo maji ni ya kifuani, siku ambayo bahari imetulia, maji mafu yakiwa bora kuliko bamvua. Mwenzako asimame karibu akikutazama, na usivutevute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuanza, kwa kuwa hilo huweza kukuzimisha. Vuta pumzi kamili, kumbatia magoti, acha mwili ukae unavyotaka. Karibu kila mtu huelea hapo. Rudia ukiwa na pumzi ya kawaida, ile ya mtu anayezungumza barazani. Rudia tena ukiwa umetoa yote.

Ukianza kuzama ukiwa bado na pumzi ya kawaida, mwili wako hauna mafuta mengi na hauhitaji risasi kwa ajili yake. Ukielea na pumzi ya kawaida na kuzama polepole ukiitoa, uko katikati, kama wengi. Ukiwa umetoa yote na mgongo bado unabaki juu ya maji, hapo mwili wenyewe unataka kilo moja au mbili kabla hujafikiria kifaa kingine. Mtu wa kilo 70 mwenye mafuta asilimia 15 huwa karibu na usawa akiwa na pumzi ya kawaida. Mwenye kilo 70 zilezile na mafuta asilimia 30, kiwango cha kawaida kabisa kwa mwanamke mwenye afya, huendelea kuelea hata akiwa ametoa pumzi yote. Kati yao kuna kilo 2 na kidogo, na huo ndio mchango wote wa mafuta.

Baada ya mwili inakuja suti. Ile ya neoprini imejaa vipovu vya hewa, nayo huelea kwa kilo kadhaa kulingana na unene na ukubwa wake. Majira ya kaskazi, maji ya Unguja yakiwa na joto la nyuzi 28 au zaidi, wengi huvaa ya milimita 3. Kusi ikivuma na maji yakishuka hadi karibu nyuzi 25, wengine hupanda hadi milimita 5, na hesabu ya risasi inabadilika siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba mwenye mwili mkubwa huvaa suti kubwa, na suti kubwa ina neoprini nyingi. Sehemu ya risasi anazohitaji mtu mnene ni ya suti, si ya mwili wake.

Suti unaweza kuipima nyumbani. Jaza pipa maji ya bahari, chovya suti, ikamue ndani ya maji mpaka mapovu yaishe, ifunge kwenye mfuko wa wavu, kisha ongeza vipande vya risasi kimoja kimoja hadi mfuko uanze kuzama taratibu. Uzito huo, kasoro kidogo kwa kuwa risasi nazo zina ujazo wake, ndio nguvu ya suti yako. Fanya hivyo kila baada ya muda, maana suti iliyotumika sana hubanwa na kupoteza uelezi. Dada anayezamia na vazi la kujisitiri la kitambaa chepesi juu ya suti alilowanishe lote kabla ya kushuka, apitishe mikono kuanzia mabegani hadi kwenye pindo. Hewa iliyonaswa chini ya kitambaa huelea kwa nguvu, na wengi huongezewa risasi kwa sababu ya mapovu ambayo yatatoka yenyewe dakika mbili baadaye.

Mtungi nao. Ule wa aluminiamu wa lita 11 unaotumika karibu kila kituo cha pwani yetu huzama kidogo ukijaa, na huelea kwa karibu kilo 2 ukiwa mtupu. Hewa ina uzito! Kuanzia geji ikisoma bar 200 hadi 50 unatumia hewa ya kilo 2 hivi, kwa hiyo unakuwa mwepesi kadiri unavyopumua. Risasi zako lazima zitoshe mwisho wa mzamio, unapotakiwa kukaa mita 5 kwa dakika 3 na mtungi mwepesi. Mtungi wa chuma kwa kawaida hubaki mzito hata hewa ikipungua, kwa hiyo ukihama kutoka aluminiamu kwenda chuma, punguza risasi.

Ukijumlisha yote hayo, wale wawili wa kilo 70, wakiwa na suti ya milimita 3 na mtungi wa aluminiamu, watahitaji kama kilo 4 na kilo 6. Lakini hiyo ni hesabu ya mezani. Jibu lenyewe liko majini, na wakati mzuri wa kulitafuta ni mwisho wa mzamio, geji ikiwa karibu na 50.

Fanya hivi. Ukiwa juu, mahali ambapo huwezi kugusa chini, toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea. Inua bomba lake juu kabisa na uinamishe bega la upande wa pili ili povu la mwisho lisijifiche. Simama wima, pishanisha vifundo vya miguu. Kupishanisha huko usikuache, kwa sababu karibu kila mtu hupiga mapezi bila kujijua na kudhani anaelea. Vuta pumzi ya kawaida, itulize. Maji yanapaswa kukufika machoni, katikati ya kioo cha maski. Sasa toa pumzi yote: utosi uzame polepole, bila haraka. Ukizama ukiwa bado na ile pumzi ya kawaida, toa kilo moja na urudie. Ukiwa umetoa pumzi yote na paji la uso bado liko nje, ongeza kilo moja. Ukilazimika kufanya kipimo mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2 juu ya jibu ulilopata, kufidia hewa utakayoitumia.

Kujua idadi hakutoshi. Risasi zinakaa wapi? Hapa mafuta yana mchango wa namna nyingine, kwa sababu hayakai mahali pamoja. Hewa ya mapafu inakuinua kifuani. Mwanamume mwembamba mwenye miguu mirefu ya misuli atajikuta miguu inashuka na kifua kinapanda, akisafiri kwa mshazari na kutimua mchanga. Apandishe mtungi sentimita chache kuelekea kichwani, au ahamishe kilo moja au mbili kutoka kiunoni hadi kwenye mkanda wa mtungi. Mwenye mafuta mapajani na nyongani, kama wanawake wengi, huona miguu ikipanda. Yeye ashushe mtungi kidogo, aziache risasi nyongani, achague mapezi mazito. Uzito wa jumla haubadiliki. Kinachobadilika ni mlalo wa mwili, nao ndio unaoamua kama mapezi yako yatavunja matumbawe ya Mnemba au yatapita juu yake salama.

Mwenye tumbo kubwa ana tatizo la mkanda wenyewe. Ukiufunga juu ya boti unakaa vizuri, lakini kwenye mita 10 suti imebanwa, mkanda umelegea na unateleza. Aukaze tena akifika mita chache chini, au aweke risasi kwenye mifuko ya jaketi inayofunguka kwa kuvuta. Vyovyote iwavyo, kila mtu ajue kuachia risasi zake kwa mkono mmoja, macho yakiwa yamefumbwa. Wazamiaji wengi waliokufa wamekutwa risasi zikiwa bado kiunoni.

Ninasisitiza kupunguza kwa sababu ya yanayotokea chini. Kila kilo ya ziada hudai lita moja ya hewa kwenye jaketi ili usizame. Mwenye kilo 4 za ziada kwenye mita 10 anabeba lita 4 za hewa asizozihitaji. Akipanda bila kuzitoa, zinakuwa lita 8 anapofika juu, na jaketi linampandisha kama boya. Akishuka, hewa hiyo husinyaa na kasi humwongezeka. Kwenye kuta za Mkondo wa Pemba, ambako sakafu iko mamia ya mita chini, hakuna mchanga wa kumpokea. Mtu anayepigana na uzito pia hupumua sana, hewa humwishia mapema, na kikundi kizima hupanda kwa ajili yake.

Mwili nao haubaki vilevile. Aliyezamia akiwa na miaka 25 na akarudi majini akiwa na 45 anaweza kuwa na kilo zilezile, lakini misuli imepungua na mafuta yamechukua nafasi yake. Kila kilo moja ya misuli ambayo nafasi yake inachukuliwa na kilo ya mafuta huongeza gramu 200 za kuelea. Aliyepungua mwili au kuanza mazoezi ya vyuma ana hesabu mpya. Mafuta yana jambo lingine pia: naitrojeni huyeyuka ndani yake karibu mara tano zaidi kuliko ndani ya maji, hivyo mwenye mafuta mengi afanye mizamio ya wastani, apande polepole, wala asizifupishe zile dakika 3 za mita 5.

Andika kila kitu kwenye daftari lako la mizamio: uzito wa mwili, suti, aina ya mtungi, kilo za risasi na zilikokaa, na ulivyojisikia kwenye mita 5. Safari ijayo, kiongozi akikutazama tumbo na kutamka namba, utampa namba yako.

Na uandike pia maji yalikuwa ya wapi. Ziwa Tanganyika, ambako watu huzamia kutazama samaki wa rangi wasiopatikana kwingine, ni maji baridi, mepesi kuliko ya bahari. Mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 anapaswa kutoa kama kilo 2.5 kwenye mkanda aliouzoea baharini. Ziwa hilo liko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 750, kwa hiyo kompyuta ya kuzamia ya mkononi nayo irekebishwe kwa mwinuko kabla ya kuingia majini, au litumike jedwali la mwinuko.